Robo ya Shangazi

Wasikilizaji, naomba ruhusa ya kuketi nanyi kitambo chini ya mti mmoja, mwembe wa dodo uliomo uani kwetu Tanga, ambao umri wake wapita umri wangu na wa ndugu zangu wote, na ambao kwa miaka minne iliyopita umenifunza mambo ya uzee niliyodhani nilikwisha kuyajua kwa kujitazama katika kioo.

Mti huu aliupanda babu yetu mzaa baba, kabla ya vita vya pili vya dunia, kwa kokwa la embe alilolila forodhani, akalitia mfukoni mwa kanzu, akalifukia kando ya kisima kwa ncha ya bakora. Ndivyo tulivyosimuliwa, nami siwezi kula yamini juu ya mfuko wa kanzu. Lisilo na shaka ni kwamba mwembe si mgeni wa jana katika pwani hii. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa chakula chenye achari ya maembe mabichi pembeni, akaeleza habari za tunda hilo lililo kali kama limau likiwa bichi na tamu mno likiiva. Na jina lenyewe la embe lilitujia kutoka Bara Hindi, ambako wako waliitao amba hadi leo. Tangu hapo mti huu umezoeana nasi hata tukaipa mitaa majina yake: Mombasa wana Mwembe Tayari, Dar es Salaam wana Mwembechai na Mwembeyanga, Unguja wana Mwembetanga, Mwembeladu na Mwembeshauri, na pengine mwembe wenyewe ulikwisha kufa zamani, limebaki jina peke yake likitoa kivuli.

Babu alipofariki, bibi alikuwa amekwisha kumtangulia. Akaacha mwana mmoja wa kiume, ndiye baba yangu, na mabinti wawili. Nyumba na kiwanja baba alivichukua kwa kuwalipa dada zake hisa zao kwa fedha, lakini mti haukuuzwa. Watu wa pwani waijua desturi hii, ijapokuwa vijana wa siku hizi huistaajabia: mti ni mali mbali na ardhi uliosimama juu yake, waweza kurithiwa, kuuzwa, kuwekwa rehani, hata kufanywa wakfu wa msikiti, ilhali kiwanja ni cha mtu mwingine. Basi mwembe wetu uligawanywa kama sheria ya mirathi igawavyo, mwana mume hisa mbili na kila binti hisa moja, na tangu siku ile, kila msimu wa kaskazi, yakijaa matenga manne, mawili hubaki nyumbani, moja huenda kwa shangazi mkubwa na moja kwa shangazi mdogo. Shangazi mdogo ametangulia mbele ya haki, na hisa yake imevunjika vipande katika mikono ya wanawe, ambao mmoja wao yuko Maskati na hupelekewa maembe yake kwa maneno tu. Baba naye ametangulia, na nusu yake imetuangukia sisi. Shangazi mkubwa yu hai, amepita miaka 90, haoni vizuri, na robo yake aijua.

Masika ya miaka minne iliyopita, usiku wa mvua na upepo, tawi la upande wa magharibi, nene kuliko kiuno cha mtu mzima, liliachana na shina kwa kishindo kilichoamsha mtaa, likalalia ukuta wa jirani na kuvunja mabati mawili ya banda lake la kuku. Asubuhi tulipokwenda kutazama, tuliona katika jeraha kitu kisichostahili kuonekana ndani ya mti: donge la saruji, la kijivu, kubwa kama ndoo, lililochomoka zima kama jino, na nyuma yake uvungu mweusi uliojaa unga wa ubao uliooza na mchwa waliokuwa wakiukimbia mwanga. Saruji ile aliitia baba. Naikumbuka siku yenyewe, kwa maana mimi ndiye niliyeshika beseni. Palikuwa na shimo dogo lililoachwa na tawi lililokatwa zamani, maji ya mvua yakituama humo, naye kwa mapenzi makubwa akaliziba kama mtu azibavyo ufa wa nyumba yake, akalipiga lipu, akaandika tarehe kwa kijiti. Tarehe ilikuwa ingali yasomeka.

Jirani alikuja kwa adabu. Akasema kuku hawakumpa uchungu, kilichomchosha ni majani, ambayo tangu alipohamia yamekuwa yakiziba mfereji wa bati lake, na maembe mabovu yamletea nzi. Akasema pia, na hakusema uongo, kwamba mti mzee ni hatari, nao ukikatwa yeye atasaidia gharama ya msumeno. Ndugu zangu wawili walikuwa wamekwisha kukubaliana naye kabla hajamaliza kikombe cha kahawa. Ikabidi aitwe shangazi, kwa kuwa mali ya shirika haiondolewi kwa rai ya nusu, akaletwa kwa bajaji, akaketishwa katika kivuli kilichobakia, akasikiliza hoja zote hata mwisho huku akitafuna tambuu, kisha akasema, "Nusu yenu kateni mtakavyo. Robo yangu msiiguse." Ndugu yangu mdogo, ambaye ni mhasibu na hupenda mambo yenye mipaka, akamwuliza robo yake ni upande gani. Shangazi akainua mkongojo, akauzungusha hewani duara zima, tangu mashariki mpaka ukarudi mashariki, akautua chini. Baraza likaishia hapo.

Tukatafuta mjuzi, akapatikana mzee mmoja wa Muheza, nchi ya machungwa, ambako mtu hujifunza kubebesha miche kabla hajajifunza kupanda baiskeli. Alifika hana chombo ila panga, akauzunguka mti mara tatu pasipo kuugusa, kisha akaanza kuugonga kwa mgongo wa panga, kutoka mizizini kwenda juu, ameinamisha sikio kama tabibu asikilizaye kifua: hapa mlio mzito, hapa mtupu, hapa mzito tena. Tukamwuliza jeraha litapona baada ya muda gani. Akatutazama kwa huruma, akajibu, "Mti hauponi, bwana. Mti hujifungia mlango."

Nilidhani ni maneno ya ushairi, mpaka nilipokuja kusoma habari za Mmarekani mmoja, Alex Shigo, mtumishi wa idara ya misitu ya serikali ya nchi yake, ambaye kwa miaka mingi alipasua maelfu ya magogo kwa urefu ili aone yanayotokea ndani ya mti uliojeruhiwa, na katika miaka ya 1970 akaeleza kwa ithibati jambo ambalo mzee wa Muheza alilijua kwa mgongo wa panga. Nyama ya mwanadamu ikikatwa, mwili hutengeneza nyama mpya mahali pa ile iliyoharibika. Mti haukujaaliwa hivyo. Ubao ulioharibika wabaki umeharibika daima. Uwezo wa mti ni wa kujenga kuta: huziba mishipa ya juu na ya chini ya jeraha, hutia nguvu katika pete za kando, na kisha, ukuta ulio madhubuti kuliko zote, huotesha kwa nje ubao mpya usiotaka tena kuhusiana na ule wa ndani. Uozo hufungiwa humo kama mfungwa. Kwa sababu hiyo mti wenye uvungu waweza kuishi miaka mingi, maana uhai wake wote umo katika ganda la nje, karibu na gome. Na kwa sababu hiyo hiyo saruji ya baba, pamoja na mapenzi yote yaliyochanganywa humo, ilikuwa dhuluma. Mti huyumba na upepo, saruji haiyumbi. Basi kila kusi lilipovuma donge lile lilikuwa likisugua na kuzivunja kuta ambazo mti ulijijengea, na maji yakakaa nyuma yake yasione njia ya kutokea. Uvungu ungeachwa wazi, ukakauka kwa hewa, huenda tawi lile lingekuwapo hata leo.

Jambo hili, wasikilizaji, ndilo lililobadili fikira zangu zote juu ya mti mkongwe. Sisi huona kwamba kumtunza mzee ni kumtendea mambo mengi, na kila tendo twalihesabu kuwa fadhila. Kumbe kwa mti kila mkato, hata ulio mwema, ni mlango mwingine ambao hauna budi kufungwa, na mti kijana hufunga upesi kwa kuwa una majani mengi juu ya kiwiliwili kidogo, lakini mkongwe una kiwiliwili kikubwa cha kulishwa na akiba yake ni haba. Mzee wa Muheza akatoa sharti: majani yasipunguzwe zaidi ya robo kwa mwaka mmoja, na kazi yote ichukue miaka mitatu. Alipotamka robo, sote tuligeuka kumtazama shangazi, naye akasema kwa utulivu mkubwa kwamba robo ya mwaka wa kwanza itoke katika nusu yetu.

Kazi ilianza baada ya mavuno, mwishoni mwa kaskazi, kabla masika hayajashika, kwa maana mti uliokatwa wakati huo hupata mvua ya kuchipulia na muda wa kuyakomaza machipukizi kabla ya kipupwe, ambacho ndicho kipindi cha maua. Yalitangulia matawi yaliyokufa, yakafuata yaliyosuguana, na pamoja nayo kirukia, mmea ule mnyonyaji ambao mbegu yake ina ulimbo: ndege hula tunda lake, hufuta mdomo juu ya tawi, na mbegu ikapenyeza mizizi ndani ya gome, hata asiyejua akadhani mwembe wake umechipua majani ya namna ya pili. Kukichuma kirukia kwa mkono ni kazi bure, huota tena. Sharti tawi lenyewe likatwe nyuma ya mahali kiliposhika.

Tawi nene nalo halikatwi kwa mkato mmoja, kwa kuwa uzito wake hulichana gome la shina mpaka chini, mithili ya mtu achunaye mbuzi. Mkato wa kwanza ni wa chini, mbali kidogo na shina, upate kama theluthi ya unene. Wa pili ni wa juu, mbele ya ule wa kwanza, tawi likaanguka bila kuchana kitu. Wa tatu ni wa kuondoa kigutu, nao ndio wenye elimu, maana haubanani na shina wala hauachi kigingi cha kutundikia kanzu, bali hupita nje kidogo ya ile pete ya gome lililovimba mahali tawi linapotokea, kwa kuwa katika pete hiyo ndimo mti unamojengea ukuta wake. Aliyelikata tawi lile la zamani, Mungu amrehemu kama ni baba na amrehemu hata kama ni mwingine, alikata ndani ya pete. Mikato haikupakwa rangi wala lami. Matawi yaliyofunuliwa ghafula kwa jua, baada ya kuishi kivulini miaka yote, yalipakwa chokaa nyepesi, kwa sababu gome la mwembe lisilozoea jua huungua na kupasuka, na mpasuko huo ni mlango mwingine tena.

Lakini msumeno ulikuwa sehemu ndogo. Mzee alipokwisha kushuka alinishika mkono akanitembeza uani, akanionyesha taksiri zetu moja moja kama kadhi asomaye mashtaka. Majani tuliyoyafagia kila alfajiri tuliyakusanya chini ya shina lenyewe tukayatia moto, na moto huo wa miaka mingi ulikuwa umelichoma gome upande mmoja na kuikausha mizizi ya juu, ambayo ndiyo ilishayo mti na hukaa karibu kabisa na uso wa ardhi. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa waya uliozungushwa tawini tangu zamani, na tawi lilipokuwa likinenepa waya ulizama ndani ya gome kama pete katika kidole cha mtu aliyevimba. Misumari sikuihesabu. Maji ya sabuni yalimwagwa mizizini kwa dhana ya kwamba maji ni maji. Mbuzi wa Idi alifungwa hapo kila mwaka, akala gome kwa sababu alikuwa hana la kufanya. Na ndugu yangu mhasibu alikuwa amekwisha kuagiza kokoto ili uwanja wote usakafiwe, upate kuwa safi. Kokoto zile tulimwuzia jirani, akajengea banda jipya la kuku.

Basi tuliacha. Majani sasa hayachomwi. Hutandazwa chini ya mti, yakaoza taratibu na kuhifadhi unyevu, yakiachiwa nafasi ya hatua moja kutoka shinani ili gome lisivunde. Samadi iliyokwisha kuiva hutiwa mwanzoni mwa mvua, si kwenye shina ambako watu wengi hurundika kama waletao sadaka kaburini, bali mbali, pale ambapo matone ya mvua huanguka kutoka ncha za matawi, kwa kuwa vinywa vya mti viko huko. Na katika kipupwe haumwagiwi hata kopo la maji. Hili lilimtia uchungu mama watoto, aliyeona ukatili kuunyima maji mzee wakati wa kiangazi. Lakini mwembe hutoa maua kwa kiu na baridi, na ukinyweshwa wakati huo hukumbuka ujana, ukatoa majani badala ya maua.

Kuna mwaka mwembe hauzai, na watu husema umelogwa au umekasirika. Ukweli ni kwamba mti uliozaa kwa wingi mwaka mmoja huwa umetumia akiba yake yote, nao hupumzika mwaka wa pili. Na kadiri unavyozeeka ndivyo mapumziko yanavyozidi kuwa dhahiri. Shangazi husimulia kwamba mama yake alikuwa na dawa ya jambo hili. Mwaka wa njaa ya maembe, asubuhi ya Ijumaa, alitoka na shoka akausemeza mti kwa hasira kwamba siku zake zimetimia, akalipiga gome mara mbili tatu. Hapo mwanamke wa nyumba ya pili, waliyekwisha kupatana naye tangu jana, akatoka mbio akamshika mkono, akalia, akaudhamini mti kwamba mwakani utazaa, naye akiwa mdhamini wake mbele ya Mungu. Nimesoma kwamba Wamalay nao walikuwa wakiutisha hivyo hivyo mduriani wao, mtu mmoja ameshika shoka na mwingine amepanda mti wa jirani akijibu kwa niaba ya mtuhumiwa. Wala si upuuzi mtupu: chakula kinachotengenezwa na majani huteremka kwa njia ya gome, na gome likijeruhiwa kidogo chakula hicho huzuilika matawini, jambo ambalo laweza kuuchochea mti utoe maua, na wakulima wa matunda katika nchi nyingi huimenya miti yao pete nyembamba ya gome kwa makusudi hayo hayo. Lakini mti mkongwe hauwezi kulipa madeni ya namna hii. Na tukisema kwa insafu, mti uliopumzika mwaka huu ungezaa mwakani hata pasipo shoka. Ndiyo sababu yule mdhamini hakupata hasara hata mara moja.

Maua yenyewe ni jambo la kustaajabisha kwa ubadhirifu. Kishada kimoja chaweza kuwa na maua mamia, hata maelfu, na aghalabu hubaki embe moja au mawili, au lisibaki kitu. Mengi ya maua hayo ni madume, yasiyoweza kuzaa, na mengine huangushwa na ule ukungu mweusi uletwao na mvua ya nje ya majira. Mti mrefu usiopitisha hewa huwa nyumba ya ukungu huo, nayo ilikuwa faida ya pili ya kupunguza matawi, kwamba upepo wa bahari sasa hupita katikati, na umande hukauka mapema.

Adui mwingine tulijiletea wenyewe kwa uvivu. Nzi wa matunda, yule aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003, kisha akaenea Afrika upesi kama uvumi, hutaga mayai ndani ya embe linalokaribia kuiva. Funza hula mpaka embe likaanguka, kisha hutoka na kujichimbia ardhini, ili awe nzi mpya wa embe la jirani. Malalamiko ya jirani yetu, kwa hiyo, yalikuwa ya haki kuliko alivyojua. Sasa mjukuu wangu hulipwa sarafu kwa kila ndoo ya maembe yaliyoanguka, nayo hufukiwa katika shimo la futi mbili siku ile ile, yasilale. Na maji moto, wale chungu wekundu washonao majani kwa nyuzi za watoto wao, ambao tulikuwa tukiwaua kwa mafuta ya taa kwa sababu humwuma apandaye mtini, tumewaacha watawale. Kwa maana huwinda wadudu wa kila namna, na nzi wa matunda hupenda kutaga mahali pasipo na harufu yao. Unguja, katika miaka ya 1950, mtaalamu Mwingereza Michael Way alionyesha kwamba minazi yenye maji moto ilisalimika na mdudu aangushaye nazi changa, na mdudu huyo hata leo ameshika jina lake katika vitabu vya elimu. Sina yakini kama hiyo ni heshima. Kwa kuchuma twatumia ngoe, na aumwaye huumwa.

Mwaka wa kwanza baada ya msumeno mti haukuzaa kitu cha kuhesabika. Wa pili ulitoa matenga mawili, na ikabidi tutafute mizani kuyagawa kwa robo. Mwaka jana yalijaa matatu na nusu, makubwa kuliko nilivyoyajua utotoni, kwa kuwa machache hula vizuri kuliko mengi. Tenga moja tulimpelekea jirani, kutoka katika nusu yetu, naye tangu hapo hujiita mdhamini.

Hata hivyo ganda la nje, kwa upande wa magharibi, ni jembamba. Mzee wa Muheza alinionyesha kwa mgongo wa panga mahali ambapo mlio umebadilika, akasema pengine miaka 20, pengine masika yajayo. Akanishauri nichukue vikonyo vya kubebesha juu ya miche mingine. Mwasikia habari za Ujiji, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe. Mwembe ule ulikwisha kufa, na miembe iliyopo leo penye mnara wa kumbukumbu husemwa kuwa imetokana nao. Tulifanya vivyo hivyo. Tuliotesha makokwa ya embe la kienyeji mpaka miche ikapata unene wa kalamu. Tukachagua ncha za matawi ya dodo wetu zilizokaribia kuchipua, urefu wa kiganja, tukazipunguza majani siku chache kabla. Mzee akaipasua miche, akazichonga ncha kama kabari, akazitia, akafunga kwa utepe wa nailoni. Katika sita zilishika nne. Mmoja tuliupanda uani, penye jua, hatua 20 kutoka kwa mkongwe.

Hapo likazuka suala la mirathi. Ndugu yangu mhasibu alisema mche ule ni mali mpya, umepandwa na sisi katika kiwanja chetu, hauna hisa za watu. Shangazi alipopata habari alikuja tena kwa bajaji. Alitaka aelezwe kazi yote ilivyofanyika, akalipapasa lile kovu la kiungo kwa kidole, kisha akauliza: mizizi ni ya nani? Tukasema ya embe la kienyeji. Na juu? Juu, tukasema, ni dodo wa babu. "Ametoka kokwani mwa dodo wa babu?" La, tukasema, ni kipande cha mwili wake. "Basi huyu si mtoto," alisema. "Huyu ni yeye yule." Nami niliyesoma vitabu nililazimika kukiri mbele ya ndugu zangu kwamba elimu iko upande wa shangazi: mti wa kikonyo si uzao wa mti mama kama ulivyo mti wa mbegu, bali ni mti ule ule uendeleao kuishi juu ya miguu mingine, na umri wake kwa namna fulani ni umri wa mkongwe, ndiyo maana huwahi kuzaa, haungoji miaka kama mche wa kokwa. Mhasibu akanyamaza, akaandika robo.

Kipupwe cha mwaka huu mche ule, mrefu wa kifua cha mtoto, ulitoa vishada vinne vya maua. Mzee wa Muheza alituusia kwamba maua ya kwanza ya mche wa kikonyo hayana budi kuondolewa, usije ukajimaliza kwa uzazi kabla haujapata kiwiliwili. Basi nikampa mjukuu wangu, msichana wa miaka saba, kazi ya kuyakwanyua, nikaketi kizingitini kumtazama. Alikwanyua kishada cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaviweka safu juu ya ukuta. Cha nne hakukigusa. Nilimwita, nikamkumbusha maneno ya mzee, akanijibu pasipo kugeuka kwamba kile ni cha bibi mkubwa. Nami nikijua kabisa kwamba ni kosa, na kwamba mche utadhoofika kwa ajili yake, nilimwacha akaenda kunawa mikono.